Mate Kabla Hayajakauka

Mama alikuwa akitema mate chini, kwenye vumbi la mlangoni, halafu ananiambia: "Nenda mbio. Haya yakikauka hujarudi, utanieleza." Natoka mbio, shilingi zimekunjwa kiganjani, au nimebeba bakuli la kuazimia chumvi, au sina kitu mkononi ila ujumbe kichwani, maneno matatu ninayoyarudia njia nzima nisije nikayapoteza: kesho asubuhi mapema, kesho asubuhi mapema. Hiyo ndiyo Korogwe yangu, mji mdogo wa mkoa wa Tanga, katika miaka ya 1980. Mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwaje, kitu cha kwanza kinachonijia si mchezo. Nilikuwa natumwa.

Nasoma sana kumbukumbu za watu wa rika langu. Karibu zote huanza na kombolela, rede, gololi na magari ya waya, hupita kwenye kibatari na hadithi za bibi, na huishia kwa kuilaumu simu. Naelewa zinakotoka, na baadhi zimenitoa machozi. Lakini huwa zinaliruka swali ninaloliona kubwa zaidi. Ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiushikilia mji mdogo kama ule hata leo tuukumbuke kama mahali ambapo kila mtu alikuwa wa kila mtu? Jibu la haraka ni mila, au undugu, au umaskini uliotufanya tupendane. Mimi nimefikia jibu jingine. Mji ule ulishikiliwa na miguu ya watoto.

Nianze na undugu, maana ndio unaotajwa mno. Watu wakisikia mji mdogo hudhani wakazi wake ni ukoo mmoja uliotawanyika. Korogwe haikuwa hivyo hata kidogo. Reli iliyoanzia Tanga ilifika pale mwaka 1902, na mkonge ukaifuata njia hiyohiyo. Wenye mashamba walihitaji mikono, na Wazigua na Wasambaa wengi hawakuwa tayari kuiacha mihogo na migomba yao wakakate mkonge wa mtu. Ikaletwa mikono kutoka Kigoma, Songea, Urundi na Msumbiji. Hao ndio walioitwa manamba. Mimi napata akili, mkonge wenyewe ulikuwa umeshaanguka. Nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa imebaki na kama tani 30,000 nilipokuwa namaliza shule ya msingi. Nyuzi za plastiki zilikuwa zimenyang'anya soko la kamba, na mashamba yaliyotaifishwa yalikuwa yamechakaa. Manamba wengi hawakurudi kwao. Walibaki, wakajenga Manundu na Majengo, wakazeeka hapo.

Basi mtaa wetu ulikuwa na Muha, Mngoni, Mmakonde, Mrundi, Mwarabu mwenye duka, na wenyeji wenyewe wa milimani na wa bondeni. Hawakuwa na babu mmoja, dini moja, wala lugha moja ya kuotea ndoto. Ujirani ninaoukumbuka haukurithiwa na yeyote kati yao. Ulitengenezwa kila siku, kwa safari fupi za mtoto anayetoka mlango huu kwenda ule.

Fikirieni safari moja tu ya chumvi. Mama hana chumvi, ugali uko jikoni. Ananituma nyumba ya tatu. Nabisha hodi, naamkia, namwambia mama wa pale kwamba mama anaomba chumvi kidogo. Ananiuliza mama yako hajambo, mbona jana sikumwona kisimani. Namwambia ana homa. Jioni yule mama anakuja kumjulia hali, na mwanawe ametangulia na uji. Chumvi ilikuwa kijiko kimoja. Habari iliyopita juu ya kijiko kile ndiyo iliyokuwa uhai wa mtaa, na aliyeibeba alikuwa na miaka minane. Nilipofika miaka kumi nilijua nani ana pasi ya mkaa, nani ana cherehani, nani ana dawa ya mchango, nani hasemezani na nani na kwa hiyo nisipite na bakuli lake mbele ya nani. Nao walinijua. Walijua jino langu limeng'oka, walijua nina woga wa mbwa, walijua kwamba nikitumwa nikapita njia ya relini basi nimechelewa makusudi.

Vitu vilikuwa vichache, na uchache huo ndio uliotupa kazi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini kwetu ilikuwa habari ya kusimuliwa. Tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio yenyewe ilitegemea betri, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Nyumba ambayo betri zimekufa kabisa ilituma mtoto kwa jirani akasikilize. Kasikilize matangazo ya vifo, urudi utuambie. Nakumbuka nimeketi kwenye ukingo wa baraza la watu, watu wazima wamenyamaza, mtangazaji anasoma majina ya marehemu na ya ndugu wanaoarifiwa popote pale walipo, na mimi nayashika majina yale kama mtu aliyebeba mayai.

Barua nazo. Posta haikuwa ikipeleka barua nyumba kwa nyumba; anwani ilikuwa sanduku, na mwenye sanduku hakuwa kila mtu. Barua za mtaa mzima zilikuja kupitia sanduku la shule, la msikiti, la kanisa, la ofisi ya shamba. Kwetu mwalimu alisoma majina kwenye paredi, na wewe uliyeitwa si kwa sababu barua ni yako. Umeitwa kwa sababu unakaa karibu na mwenyewe. Unaitia kwenye daftari isijikunje, ukitoka shule unaipeleka. Ukiisha kuipeleka, mara nyingi unaambiwa kaa hapa unisomee.

Hapa takwimu za serikali na kumbukumbu yangu zinasimama mbalimbali kidogo, ingawa hazigombani. Serikali ilisema wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Ile ilikuwa kazi kubwa, nami naiheshimu. Mimi mwenyewe ni zao la kuandikishwa shule kwa wote kulikoanza 1977. Lakini kusoma ubao wa kisomo cha watu wazima ni jambo moja, na kusoma mwandiko wa mwanao kwenye mwanga wa kibatari, macho yameingia ukungu, ni jambo jingine. Bibi mmoja wa nyumba ya nne, mjane wa manamba, alikuwa na cheti chake cha kisomo amekifungia kwenye sanduku la bati. Barua za mwanawe alinipa mimi.

Zilianza zote namna moja: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe mama. Halafu salamu za watu kumi na tano kwa majina. Halafu, chini kabisa, karibu na sahihi, ndipo ilipokaa habari yenyewe, mistari miwili: likizo haikupatikana, sitakuja mwaka huu. Nikimaliza, bibi anasema, "Soma tena hapo mwisho." Nasoma tena. Ananyamaza, anauliza kama bado naipenda miwa, ananipa kipande. Nilijifunza kwa bibi yule kusoma polepole panapouma. Sijui ni shule gani ingenifundisha hilo nikiwa na miaka tisa, wala sijui yule bibi angeishije miaka ile bila mtoto wa mtu kuingia kwake mara mbili kwa mwezi na karatasi mkononi. Majibu yake pia niliandika mimi. Alikuwa hasemi kwamba anaumwa. Alisema niandike, "Huku hatujambo."

Miaka ya uhaba, ile iliyofuata Vita vya Kagera, mtoto alikuwa na thamani nyingine tena, ya kushika foleni. Sukari ikisikika imefika dukani, watoto hutangulia usiku wa manane, na aliyechoka huweka jiwe mahali pake. Jiwe liliheshimiwa. Tulikula ugali wa unga wa manjano, unga wa Yanga kama ulivyoitwa, na tukafua kwa majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Sina hamu na siku zile na sitaki kuzipamba.

Tena hapa lazima niseme na wanaume wa rika langu, wale wanaoandika kwamba maisha yalikuwa mepesi. Mepesi kwa nani? Mvulana alitumwa, akirudi yuko huru kwenda kuogelea mtoni. Msichana alitumwa, akirudi anakuta ndoo. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, kiko wilaya yetu hiyohiyo, na nyaya nene zilipita kwenye anga letu zikienda kuwasha miji ya mbali. Chini ya nyaya zile mama yangu alipuliza kuni miaka thelathini, na kikohozi chake nakisikia mpaka leo. Utulivu wa jioni mnaoukumbuka, ule wa watu kukaa kwenye mkeka wakisubiri chakula, ulipikwa na mtu, na mtu huyo hakukaa kwenye mkeka.

Na kuna jambo ambalo kumbukumbu za namna hii hazilitaji. Zilikuwepo nyumba ambazo wasichana tukitumwa tulikwenda wawili wawili. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kwa nini. Mkubwa kidogo alimwambia mdogo: usiingie ndani, simama mlangoni, sema kwa sauti. Mji uliojua kila mtoto ni wa nani ulijua na hili, ukanyamaza. Ninaposifu macho ya watu wazima yaliyotuangalia njia nzima, najua pia yalichagua ya kutoyaona, na siwezi kuchukua nusu ya habari nikaiacha nusu.

Habari nyingine ni ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa darasa la tano. Nimetumwa mafuta ya taa, mwenye duka akaniita pembeni. Utingo wa basi la kutoka Lushoto alikuwa amekuja na kikaratasi jioni ya jana yake, akakuta duka limefungwa, akakiacha nyumba ya pili, kikalala huko. "Mpelekee mama yako, sasa hivi." Nilikitia kwenye mfuko wa gauni nikaondoka. Treni ya abiria ilikuwa inaingia stesheni. Nilisimama kuitazama mpaka ikaondoka tena kuelekea Mombo, kwa sababu nilikuwa mtoto, na kwa sababu treni ilikuwa treni. Kisha nikaenda nyumbani. Mama alikisoma akiwa amesimama, akakaa chini palepale vumbini. Mama yake alikuwa amezikwa jana alasiri, kabla kikaratasi hakijashuka mlima.

Kusimama kwangu stesheni hakukubadili kitu. Nimejiambia hivyo kwa karibu miaka arobaini.

Kwa hiyo mtu asinisikie nikisema tulikuwa bora bila simu. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi ulianza Dar es Salaam mwaka 1994. Kwetu simu zilienea baada ya 2000. Mama alipopata ya kwake aliandikiwa namba za ndugu wote wa Lushoto, akawa analala nayo chini ya mto. Sikumcheka. Nilijua anasubiri simu ambayo ingekuja ikamkuta, safari hii, kwa wakati. Ikaja siku moja usiku, ya kaka yake, na kesho yake saa nne asubuhi mama alikuwa kwenye mazishi. Ukinipa mizani nipime siku hiyo dhidi ya utoto wangu wote mzuri, siku hiyo ni nzito.

Ila tuangalie kilichotokea upande wa pili, bila kelele. Mwaka 2008 fedha nazo zikaanza kusafiri kwa simu. Leo laini za simu nchini zimepita milioni 70, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kila hatua ilikuwa nafuu ya kweli. Ujumbe wa kesho asubuhi mapema haukuhitaji tena miguu. Barua haikuhitaji msomaji. Chumvi haiazimwi, kuna duka kila kona, na mwenye duka ana namba yako, utalipa kwa simu na bodaboda ataleta. Hakuna mkutano uliokaa ukaamua watoto wasitumwe tena. Waliachishwa kazi kimyakimya, mmojammoja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa hasara kwa sababu tuliliita kupumzika.

Ndiyo maana lawama tunazowatupia watoto wa leo naziona si za haki. Tunasema wameinamia simu, hawajui kusalimia, hawajui majirani. Wangewajua kwa njia gani? Salamu ni kitu cha mlangoni. Mtoto asiyepelekwa mlangoni kwa mtu ataijulia wapi? Mtoto wangu ana miaka kumi na mmoja, tuko Dar es Salaam. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, basi la shule linamchukua getini, linamrudisha getini magharibi inaingia. Anajua vikosi vya timu za Ulaya kwa majina na namba za jezi. Mama wa geti la pili hamjui jina. Mama huyo na mimi tuko kwenye kundi moja la WhatsApp la mtaa, tunaarifiana maji yakikatika, nilishamtumia rambirambi kwa simu na akanijibu asante kwa alama ya mikono miwili. Kwa miaka minne mguu wa mtoto wangu haukuwahi kukanyaga kizingiti chake.

Najua hofu iliyotufikisha hapa, na ni hofu ya kweli. Siwezi kumtuma mtoto wa miaka minane avuke Barabara ya Mandela kwa sababu mimi nilivuka reli. Na wale wasichana waliokwenda wawili wawili wamenikaa kichwani kila ninapofungua geti. Simlaumu mzazi anayefunga. Ninachokikataa ni ile simulizi kwamba teknolojia ilikuja ikawateka watoto sisi tukiwa tumesimama tunatazama. Simu ilitupa sisi watu wazima uwezo wa kutowahitaji, nasi tukautumia wote, hadi tone la mwisho. Mtoto asiyehitajika na mtu yeyote nje ya nyumba yake atatafuta mahali pa kuhitajika, na mchezo wa kwenye skrini unajua kumwita kwa jina.

Sisemi tuzime mitambo, na wanaotaka kuwarudisha watoto kwenye gololi kwa amri ya baba siku ya Jumamosi wananishangaza. Mchezo haurudi kwa amri. Kutumwa kunaweza kurudi, lakini kwa sharti moja gumu: kuwe na haja ya kweli. Mtoto hadanganyiki. Ukimtuma kitu ambacho ungekipata kwa kubonyeza, anajua umempa zoezi, na atalifanya kama zoezi. Sisi tulikimbia kwa sababu ugali ulikuwa jikoni kweli.

Mwezi wa Ramadhani uliopita nilipika kaimati nyingi kuliko nyumba yangu. Nikajaza sahani ya udongo, nikaifunika kitambaa, nikamwita mwanangu nikamwambia ipeleke geti la pili. Akauliza kwa nini nisimpigie simu mama yule atume mtu. Nikamwambia adhana iko karibu, zitapoa, nenda. Nilimtazama akitoka amebeba sahani kwa mikono miwili, mgongo umekakamaa. Nilibaki getini. Mate sikutema, chini ni saruji siku hizi. Dakika kumi zikapita, zikafika ishirini, mkono wangu ukaingia mfukoni mara tatu kuigusa simu. Namba ya mama yule ninayo. Sikuipiga.

Alirudi taratibu, sahani ina maembe matatu na kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake.

"Mbona umekaa?"

"Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani," akasema. "Nikamwambia. Akasema anakujua kwenye simu. Halafu akaniuliza kama wewe ni wa Tanga, kwa sababu na yeye ni wa Muheza. Mama, mume wake anaumwa, amelala pale sebuleni, miguu imevimba. Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua.